Sikio la kushoto limezima ghafla, GP (kliniki ya daktari wa familia) wananiambia wiki 3

Zuhura, Leicester (Jumanne usiku)
Salaam wote. Jumapili nimeamka niende shifti ya asubuhi, nikapiga simu nyumbani Tanga, simu sikio la kushoto kama kawaida. Kimya. Nikadhani imekufa. Kuhamishia kulia, mama anapiga kelele "haloo, mbona husemi?" Haliumi, ila ndani kunavuma kama friji kuukuu, na nikigeuka haraka chumba kinazunguka. Jana GP, yule wa mapokezi kanambia hiyo ni nta tu, weka mafuta ya zeituni, daktari baada ya wiki 3. Nimejaza fomu ya mtandaoni, jibu: si dharura. Leo nimekwenda mwenyewe, ngoma ileile. Kuna aliyepatwa na hili sikio likarudi? Linarudi lote au nusu? Na CoS yangu (cheti cha udhamini wa viza) iko kwa mwajiri, naogopa kuomba siku.

Deo, Reading
Pole sana dada. Mimi 2019, sikio la kulia, niko ghala la usiku. Aliyeniokoa ni mfamasia, alisema usilale leo bila kwenda A&E, idara ya dharura ya hospitali. Daktari akagonga kile chuma chenye umbo la uma, akakisimamisha katikati ya paji la uso: unasikia upande gani? Nikamwambia kushoto, kwenye zima. Akaacha mzaha hapo hapo. Prednisoloni, vidonge vya steroidi, miligramu 60 kila asubuhi wiki nzima, kisha tukapunguza. Usingizi uliniisha, nikala kama nimetoka kifungoni. Baada ya mwezi audiogramu (kipimo cha usikivu) ikawa karibu ya kawaida, ila sauti nyembamba hazikurudi. Ndege siwasikii.

Mama Brenda, Milton Keynes
Ni masaa 72 tu, yakipita ndiyo basi. Mume wangu alizungushwa na nta hiyohiyo siku 40. Halikurudi. Sasa kanisani lazima akae mwisho wa benchi kushoto ili sote tuwe upande wa sikio zima, na barabarani anasikia gari lakini hajui linatokea wapi.

Rehema (nesi), Coventry
Mama Brenda, tusimtishe mwenzetu. Saa 72 ni maelezo ya ugonjwa wenyewe, kwamba usikivu umeanguka ndani ya siku 3. Si mwisho wa dawa. Steroidi huanzishwa ndani ya wiki 2, na mapema ni bora. Vidonge vikishindwa kuna sindano inayopita kwenye ngoma ya sikio, hata wiki ya 6. Zuhura, mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, uko wazi: likizima ghafla ndani ya siku 30 zilizopita, uonwe ndani ya saa 24. Usiseme "limeziba", ukisema hivyo wanasikia nta. Sema limezima ghafla, na kichwa kinazunguka. Piga 111, simu ya ushauri wa afya, au nenda A&E usiku huu. Baadaye watataka MRI (picha ya ndani ya kichwa), usishtuke, ni kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu.

Mama Brenda
Sijamtisha mtu. Nimesema yaliyonikuta nyumbani kwangu. Na hujajibu alichouliza: linarudi?

Rehema
Wengine hurudi, hata bila dawa. Lililozima kabisa pamoja na kizunguzungu huwa gumu zaidi. Nani atamwambia zaidi ya hapo bila audiogramu?

Mzee Kombo, Cardiff
Bibi yetu Pemba alikuwa anapasha mafuta ya nazi na kitunguu thomu, matone mawili, kwisha maneno. Huku tunatozwa IHS, ada ya afya ya wenye viza, £1,035 kwa mwaka halafu unaambiwa wiki 3! Bora nyumbani, una hela zako unamwona bingwa jioni hiyohiyo.

Deo
Mzee, shikamoo, ila kitunguu asitie, tafadhali. Na wenye viza ya Health and Care, ya wafanyakazi wa afya, hawalipi IHS.

Mzee Kombo
Marahaba. Wanangu wawili wako viza ya kawaida na nimewalipia, kwa hiyo najua ninachosema. Na huyo bingwa wa jioni, asiye na hela je? Bima ya afya kwa wote tunaisikia kila uchaguzi. Uraia pacha nao hivyohivyo, Wakenya wanao tangu 2010, sisi tunapewa hadhi maalum.

Mama Brenda
Tusianze tena uraia pacha, jamani.

Rehema
Kuhusu CoS: siku 7 za kwanza unajaza mwenyewe, zikizidi unaomba cheti cha daktari. Ugonjwa si utoro. Mjulishe meneja kwa maandishi.

Zuhura (Jumatano, saa 8 usiku)
Niko A&E, nangoja saa ya tano sasa. 111 ndio walionituma. Nesi anaitia majina mlangoni, kushoto kwangu, siambulii kitu. Nimemwomba kijana tuliyekaa naye aniguse bega akisikia jina langu. Ananiuliza linatamkwaje.