Hivi ni kweli sura ya mtu inaonyesha anachohisi? Semina ya kazini imenitatiza

Afisa Marejesho

Wakuu habari za muda huu.

Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi moja ndogo huku mkoani, jina naliacha. Hivi karibuni tuliletewa mkufunzi wa kutufundisha kusoma sura za wateja. Anasema sayansi ilishamaliza hii kazi zamani, kwamba hisia za binadamu ni sita, yaani furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao na kinyaa, na kila moja ina sura yake ambayo ni ileile dunia nzima uwe Mmarekani uwe Mmakonde, kwa hiyo afisa aliyeiva akimkazia macho mteja dakika chache tu anajua huyu atarudisha hela na huyu anataka kutuingiza mjini. Tukapewa na picha za Wazungu waliokunja nyuso tukafanyie mazoezi nyumbani. Kubwa kuliko yote akasema mteja anayekwepa macho anadanganya, weka alama kwenye fomu.

Hapo ndo nimekwama. Wateja wangu wengi ni kina mama wa vijijini, wauza mchele, wauza mitumba, wafuga kuku, na wamelelewa kwamba ukiongea na mtu wa ofisini au aliyekuzidi umri unaangalia chini, hiyo ndo heshima. Tangu semina ile kuna maombi yamerudishwa kwa sababu ya hiyo alama, na baadhi ya hao mama nawafahamu, kwenye vikundi vyao hawajawahi kuchelewesha rejesho. Mtu kama huyo akikosa kwetu anaenda kwa kausha damu, na mnajua wale wakija kudai wanabeba mpaka sufuria.

Swali langu: hiyo sayansi ipo kweli? Aliyefanya ni nani, alifanyia wapi, na kuna watu wa huku kwetu waliowahi kupimwa? Nataka nikamwone meneja nikiwa na kitu mkononi.

Nawasilisha.

---

Nyuzijoto

Mkuu umeuliza swali zuri sana, hii nimeisoma chuo na bado naifuatilia.

Mkufunzi wenu hajatunga. Anazungumzia kazi za Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alienda milimani huko Papua New Guinea kwa watu wanaoitwa Fore, akawachagua wale ambao hawakuwa wamezoea sinema wala picha za Wazungu, ili mtu asije akasema wamejifunzia huko. Alichofanya ni kumsimulia mtu kisa kifupi halafu anamwekea picha za sura mbalimbali achague inayofanana na kisa. Mfano mwanamke amefiwa na mtoto, au mtu yuko peke yake ndani ya nyumba na nguruwe pori amesimama mlangoni. Wengi walichagua picha ambazo hata Wamarekani wangechagua, majibu yakatoka mwaka 1969 na 1971, na tangu hapo dunia nzima ikaambiwa sura ni lugha moja.

Sasa sikiliza tatizo lilipo. Vile visa vyenyewe vilikuwa vinataja hisia, mama kafiwa na ana huzuni sana, halafu watu wazima wanapewa picha tatu tu na watoto mbili. Ukiwa na picha tatu na moja ni ya mtu anayecheka, tayari umeshapunguza kazi, hiyo ya kicheko utaitupa bila hata kufikiria huzuni ina sura gani. Na hata hivyo Fore walishindwa kutenganisha sura ya woga na ya mshangao, kitu ambacho kwenye semina huwa hakisemwi.

Miaka ya karibuni watu wakasema ngoja tuondoe hayo majibu ya kuchagua. Maria Gendron na Lisa Feldman Barrett na wenzao wakaenda kaskazini mwa Namibia kwa Wahimba, utafiti ukatoka 2014, wakawapa rundo la picha wakasema zipangeni mafungu mnavyoona zinafanana, basi, hakuna kutajiwa neno. Hayakutoka mafungu sita. Zile za kutabasamu zilikaa pamoja vizuri, za macho yaliyotoka pia kwa kiasi, lakini hasira na huzuni na kinyaa zikachanganywa ovyo. Na ukiuliza fungu hili ni la nini wengi wanakutajia tendo, huyu anacheka, huyu anaangalia, hawakutajii kilichomo moyoni.

Halafu swali lako la watu wa huku kwetu: wapo. Timu hiyohiyo ilikuja Tanzania kwa Wahadzabe, utafiti ukachapishwa 2020, majaribio mawili, na walichokuta ni ushahidi mdogo sana wa hizo sura za dunia nzima. Kwa hiyo mkufunzi anaposema iwe Mmakonde iwe nani, nchi hii hii ilishapimwa na jibu halikumpendelea.

---

Kipimo Sahihi

Naomba nipingane kidogo na mkuu hapo juu, maana mtu akisoma haraka ataondoka anasema sura haina maana yoyote na hiyo sio kweli kabisa.

Mwaka 2004 kwenye Paralimpiki ya Athens walipigwa picha wachezaji wa judo, wakiwemo waliozaliwa vipofu, dakika ile wameshinda au wameshindwa medali. Watafiti David Matsumoto na Bob Willingham wakalinganisha misuli ya uso, na wale waliozaliwa hawaoni walikuwa wanafanya yaleyale ya wanaoona. Mtu hajawahi kuona uso wa mwenzake toka azaliwe, kajifunzia wapi? Kuna kitu tumezaliwa nacho. Na kuna kazi ya Alan Cowen na Dacher Keltner iliyotoka kwenye jarida la Nature, walitumia kompyuta kupitia video milioni 6 za YouTube kutoka nchi 144 na wakakuta aina 16 za sura zinajitokeza kwenye matukio yanayofanana sehemu mbalimbali za dunia, kama harusi, michezo, fataki na mengineyo.

Na sauti je? Disa Sauter aliwasikilizisha Wahimba haohao wa Namibia sauti za Waingereza, na Waingereza sauti za Wahimba, sio maneno, ni ile mtu anavyoguna au kulia. Kicheko walikitambua pande zote mbili, na hata sauti za hasira, woga, huzuni na kinyaa walizitambua. Hiyo ni 2010.

Kwa hiyo ndugu Afisa, usiende kwa meneja na hoja kwamba hisia zote ni utamaduni, atakushinda. Nenda na hoja kwamba kutoka kwenye "binadamu wote hucheka" mpaka kwenye "huyu mama hatarudisha mkopo" kuna safari ndefu mno, na hiyo safari tafiti hizi tulizotaja hazijaifanya.

---

Nyuzijoto

Nakubaliana na wewe kwenye hiyo ya mwisho mia kwa mia. Ila hata hizo video, tazama wanachopima: sura fulani hujitokeza zaidi kwenye harusi kuliko kwingine. Sawa. Lakini hiyo haikwambii mtu mmoja aliyekaa mbele yako akinuna basi ana hasira. Mwaka 2019 ilitoka ripoti nzito iliyoandikwa na wanasayansi watano ambao wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawakubaliani, wakapitia tafiti zaidi ya 1,000, na moja ya waliyokuta ni kwamba mtu mwenye hasira hukunja uso kwa wastani kama 30% ya mara. Yaani mara nyingi una hasira na uso haujakunjwa, halafu mara nyingine umekunja uso kwa sababu jua linakupiga, unafikiria hesabu, au tumbo linauma. Mteja anayeomba mkopo ana sababu ngapi za kukunja uso jamani?

Na kuna visiwa vya Trobriand, hukohuko Papua New Guinea, utafiti wa 2016, walionyeshwa ile sura ya macho kutoka na mdomo wazi ambayo vitabuni ni woga, wao wengi wakasema huyu anatishia, ana hasira, anataka kushambulia. Fikiria umebandika hiyo picha ukutani kama ndo kipimo cha kuwapima watu.

---

Mama Vitunguu

Mimi sio msomi wa hayo mambo ila natokea Mang'ola, upande wa ziwa Eyasi, Wahadzabe ni majirani zetu wanakuja mnadani tunauziana nao asali na vitu vingine. Watafiti tumewaona wengi toka nikiwa mdogo, wanapita na magari wanaelekea porini. Ninachotaka kusema ni kwamba watu wakisikia Wahadzabe wanadhani ni watu wa kale wamehifadhiwa hapo ili wengine waje kuangalia mababu walikuwaje. Hapana jamani, ni watu wa leo, wanakadiriwa kama 1,300 hivi, wengi Kiswahili wanakisikia, watoto wengine wako shule, na shida kubwa waliyonayo ni ardhi kumegwa na mifugo na mashamba (yakiwemo ya vitunguu, nasema ukweli). Kwa hiyo wakipimwa hisia zao heshima iwepo, wasichukuliwe kama kipande cha historia.

Halafu hilo la macho kaka Afisa limenigusa moyo. Sisi kwetu mtoto akimtumbulia macho mzee anayemsema anachapwa. Mama mkwe naye ndo kabisa, hutazamani naye. Sasa mtu mwenye malezi hayo umemweka kwenye kiti ofisini, AC inapuliza, kijana wa tai anamkazia macho, halafu unaandika kwamba ni mwongo! Nimeumia sana kusoma hapo. Tafadhali wapiganie hao mama.

---

Jamaa wa Nakuru

Sasa hapo kwa macho niongezee kitu, mimi hufanya kazi ya security systems huku Kenya kwa hivyo hii imani nimepambana nayo.

Mwaka 2006 kulitoka utafiti uliouliza watu kwa nchi 75 mtu akidanganya utajuaje, na jibu lililoongoza lilikuwa hilohilo, anakwepa macho. Karibu dunia yote inaamini hivyo. Shida ni kwamba ukipima waongo wenyewe, macho haikusaidii, mwongo mzuri atakuangalia vizuri kabisa. Mwaka huohuo Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi sana za watu kujaribu kugundua uongo kwa kumtazama na kumsikiliza mtu, ikatoka 54%. Kurusha shilingi ni 50. Na wale wa kazi hizo, polisi na wengineo, hawakuwa bora kuliko mtu wa kawaida, ni vile tu wako na confidence.

Wamarekani walijaribu hiyo kitu kwa viwanja vya ndege, programu ilikuwa inaitwa SPOT, maafisa wanasimama wanaangalia abiria tabia na sura. Wakaguzi wa serikali yao wenyewe 2013 wakasema imekula karibu dola milioni 900 tangu 2007 na ushahidi kwamba inafanya kazi haupo, wakashauri pesa ipunguzwe. Na kwa upande wa mashine, Microsoft 2022 walitangaza wanaondoa huduma yao ya kukisia hisia kutoka kwa sura. Halafu Umoja wa Ulaya kwa sheria yao ya akili bandia wamepiga marufuku mifumo ya kusoma hisia za wafanyakazi kazini na wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama, ilianza Februari 2025. Hiyo haigusi mikopo moja kwa moja lakini mwonyeshe meneja wako, ajue wenye hizo mashine wenyewe wanarudi nyuma.

---

Afisa Marejesho

Wakuu nashukuru sana, nimeandika yote pembeni. Mama Vitunguu nimekusikia, nitawapigania.

Sasa meneja najua atauliza kitu kimoja: kama sio sura, basi nimpime mteja kwa nini? Maana wasumbufu wapo kweli, kuna mtu alikopa kwa duka ambalo halipo. Siwezi kwenda kumwambia acheni hiki halafu sina cha kuweka mahali pake.

---

Kipimo Sahihi

Swali la msingi hilo, na hapa utafiti una msaada wa kweli. Kina Aldert Vrij wa Portsmouth, Uingereza, na Galit Nahari wamefanya kazi miaka mingi kwenye kitu kinachoitwa maelezo yanayohakikishika. Kwa kifupi, mwongo anajua ukienda kufuatilia atakamatika, kwa hiyo anakupa maelezo mengi ila yasiyo na pa kushika. Msema kweli anakupa majina, siku, mtu aliyekuwepo, risiti. Kwa hiyo unamwambia mteja toka mwanzo, mama yangu, nipe maelezo ambayo naweza kuyahakiki, halafu unatulia unaandika, hata akiwa anaangalia sakafu muda wote.

Kwa wateja wako ni rahisi tu: mchele unanunua kwa nani, gunia la mwisho ulichukua lini na kwa bei gani, nani jirani yako sokoni, mwekahazina wa kikundi chenu ni nani nimpigie, nionyeshe miamala ya simu ya mwezi uliopita. Maswali asiyoyatarajia pia yanasaidia, kwa mfano meza yako iko upande gani wa mlango wa soko. Mwenye biashara anajibu bila kuhangaika, wa duka hewa anaanza kuzunguka. Halafu unapiga simu moja au unatuma mtu akaangalie, basi umemaliza.

Mwombe meneja achukue yale maombi yaliyorudishwa, ayapitishe kwenye maswali hayo, na alinganishe na historia yao ya marejesho ambayo mnayo tayari kwenye mafaili. Hapo hata hahitaji kuniamini mimi wala huyo mkufunzi, takwimu zenu zenyewe zitaongea.

---

Mama Vitunguu

Na wakati wa kuhoji awepo na mama mtu mzima ofisini kama inawezekana, wataongea wenyewe vizuri tu.