Rodi ya flai ya grafaiti: ya zamani au mpya?

MtuWaNjoro: Wadau habari za jioni. Kuna mzee hapa Njoro anauza vitu vya nyumba, na kati yake kuna rodi ya flai (fimbo ya kuvulia samaki kwa chambo bandia kama mdudu), ya grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, ya kampuni ya Fenwick, aina ya HMG, vipande viwili, koki ya mpini (ile kama ya kizibo cha chupa) imekuwa nyeusi lakini bado imeshikana. Bei inakaribiana na ile mpya ya Kichina ya vipande vinne niliyoona Nairobi. Nimeahidi kumjibu Jumamosi, nichukue gani?

ChepKericho: Ndugu, namba ya mshipi, yaani uzito wa mshipi unaofaa rodi hiyo? Futi ngapi? Unavulia mtoni au ziwani? Hujasema hata bei.

OmeraDunga: Chukua mpya. Vipande vinne vinaingia kwa bag, ukipanda matatu hakuna mtu atakukanyagia.

MzeeWaMolo: Chukua ya mzee. Fenwick ndio walitangulia kuuza rodi za flai za grafaiti, mwaka 1973, kabla ya hapo watu walitumia faiba ya kioo na mwanzi. Za wakati huo zinapinda polepole, unarusha nyuma unangoja mpaka mkono usikie mshipi umevuta ndio unapeleka mbele. Mito yetu ni myembamba na vichaka vimeinama juu ya maji, kurusha futi thelathini hufiki, sasa rodi ngumu na mshipi mfupi hivyo itapinda saa ngapi? Yangu hata samaki trauti wa kiganja namsikia akitikisa kichwa.

ChepKericho: Mzee hapo sikatai, lakini aangalie kiungo, pale vipande vinapoingiana. Mimi niliuziwa ya zamani na jamaa fulani, kipande cha juu kilikuwa kimelika pale kinapovaa cha chini nikapaka nta ya mshumaa nikaona imetosha. Siku ya pili mto Kiptiget, huku Kericho, narusha mara ya tatu nasikia tak! imepasuka shingoni, nyuzi nyeusi zimesimama kama nywele. Fundi akaniambia kipande kama hicho hakipatikani tena. Bro, unganisha uizungushe, ikicheza acha. Pitisha pamba ndani ya kila pete inayopitisha mshipi, ikinasa ujue pete imekatwa na mshipi.

OmeraDunga: Na grafaiti inapitisha umeme, iwe mpya iwe nzee. Usirushe karibu na nyaya za stima, na ngurumo zikianza weka chini utoke majini. Huku Kisumu radi si mchezo.

MtuWaNjoro: Samahani nilikuwa shambani. Imeandikwa futi nane na nusu, namba 6. Kiungo sikuangalia. Nataka kwenda huko Kericho.

ChepKericho: Namba 6 kwa Kiptiget ni nzito, tafuta 4.

MzeeWaMolo: Si nzito! Upepo wa mchana utarusha na 4?

ChepKericho: Mzee, chini ya miti upepo unatoka wapi?

OmeraDunga: Kwani maji yakoje huko sasa?

ChepKericho: Tangu mvua ianze ni rangi ya chai ya maziwa. Juzi nilisimama darajani saa nzima, sikuona samaki hata mmoja akipanda juu ya maji kula.