Naomba ushauri: viwakilishi kwenye insha za darasa la tano

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Kiswahili darasa la tano. Kwenye zoezi la kujaza nafasi watoto wangu wanapata vizuri, lakini wakiandika insha viwakilishi vinavurugika. "Hii yangu" wanaitumia kwa kitabu, daftari, kila kitu. Kinachonisumbua zaidi ni sentensi kama "Asha alimwita Rehema akaanza kulia." Aliyelia nani? Ukimuuliza mwandishi anakujibu papo hapo, maana yeye tukio analiona kichwani. Nimewaambia wasomeane kwa sauti. Imepunguza "yeye Juma yeye alikwenda", basi. Mnatumia mbinu gani kumzoesha mtoto kumfikiria msomaji? Darasa limejaa, kumwelekeza mmoja mmoja siwezi. Hata mfano wa zoezi moja utanifaa sana.