Naomba ushauri: mafuta ya mti wa chai kwa fangasi za miguu

Habari zenu wakuu. Nina fangasi katikati ya vidole vya miguu, mwezi wa 4 huu. Krimu ya duka la dawa ilinipa nafuu, nikaiacha mapema, zikarudi.

Nikageukia mafuta ya mti wa chai, yale yanayotolewa kwa mvuke kwenye majani ya mmea wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia. Si chai hii tunayokunywa. Kosa langu, nilipaka yenyewe bila kuchanganya. Siku ya tatu ngozi ikawa nyekundu, inawaka na kuwasha kuliko hata fangasi zenyewe. Nikaacha.

Nimesoma kwamba kwa fangasi za miguu yalijaribiwa kwa nguvu ya 25% na 50%, na kwa chunusi jeli ya 5% husaidia ingawa polepole. Hayanywi mtu, ni sumu. Tena yakikaa muda mrefu yakapigwa na hewa, huleta mzio kwa urahisi zaidi. Chupa yangu ni ya zamani, nahofia tatizo ni hilo.

Mliowahi kuyatumia, mlichanganya na mafuta gani, na kwa kiasi gani? Ngozi ikipona nijaribu chupa mpya, au mzio ukishatokea ndiyo basi tena?

Jingine: mwanangu wa miaka 5 ana mapunye, na bibi yake anataka tumpake haya haya. Nimekataa, nampeleka kwa daktari kwanza, maana mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza. Nimweleweshe vipi mama bila kumvunjia heshima?

Natanguliza shukrani.