Nimenyimwa uprofesa mshiriki mara ya pili, na niliyemfundisha kazi amepita. Nikate rufaa au nihame?

Bingwa_wa_Ndani (mleta mada)

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri wenu, hasa mnaofundisha vyuo vya tiba na mliowahi kupita kwenye mchujo wa kupandishwa cheo.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, nafundisha hospitali ya chuo kikuu, huu ni mwaka wa kumi na moja. Cheo changu ni mhadhiri mwandamizi, ngazi moja chini ya profesa mshiriki. Miaka mitatu iliyopita niliomba uprofesa mshiriki nikaambiwa nisubiri. Nimeomba tena, majibu yametoka wiki iliyopita. Barua ina sentensi nne. Ya pili inanishukuru kwa "huduma iliyotukuka kwa idara", ya tatu inasema tija yangu ya utafiti haijafikia kiwango. Daktari wa kiume aliyekuja kwangu akiwa mwanafunzi wa ubingwa, niliyekaa naye jioni nyingi tukirekebisha pendekezo lake la kwanza la utafiti, amepita. Sina kinyongo naye. Anachapa kazi na anastahili. Nataka kujua mimi nimepungukiwa nini.

Usiku ule sikulala. Nilichukua daftari nikaandika kazi ninazofanya. Ratiba ya zamu naipanga mimi. Mitihani ya vitendo ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho ni mimi: kuzunguka wodini kutafuta wagonjwa watakaokubali kuchunguzwa na wanafunzi thelathini kwa asubuhi moja, kupanga vituo, kuandaa karatasi za alama. Mwanafunzi akifiwa, akifeli au akipata ujauzito, analetwa ofisini kwangu. Mkuu wa idara husema, "Daktari, wewe ndiye unayewaweza hawa vijana," na mimi nakubali.

Ndani ya miaka hiyo nimejifungua mara mbili. Fomu ya maombi haina mahali pa kulieleza hilo, kwa hiyo miaka ile inaonekana mitupu.

Jambo jingine limeniuma zaidi. Mwenzangu huyo aliyepita alinionyesha barua ya mapendekezo aliyoandikiwa na mkuu wa idara, huyohuyo aliyeniandikia mimi. Yake ni kurasa mbili na inaanza na utafiti wake. Yangu haijazi ukurasa. Inasema nina moyo wa kujituma, ni mama wa idara, wanafunzi wananipenda. Utafiti umetajwa mstari wa mwisho: "anaendelea kuonyesha juhudi". Nina makala 19. Yeye ana 21.

Nikate rufaa? Nihame? Au nitulie niombe mara ya tatu?

Mkongwe_wa_Kitivo

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni mama mtu mzima, nimestaafu nikiwa profesa, na barua ya sentensi nne naijua.

Kabla ya rufaa, omba kwa maandishi mambo mawili: vigezo vya cheo unachoomba, na alama ulizopewa kwa kila kigezo. Usikubali kuelezwa kwa mdomo kwenye korido. Mwaka 1997 wanasayansi wawili wa Sweden, Christine Wennerås na Agnes Wold, walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa alama ambazo baraza la utafiti wa tiba la nchi yao lilikuwa likiwapa waombaji wa ufadhili. Walikuta kwamba mwanamke alihitaji tija ya mara 2.5 ya mwanaume ili aonekane ana uwezo sawa naye. Alama zile hazikuwa wazi kwa kila mtu. Walizidai mpaka mahakamani, ikaamuliwa ni nyaraka za umma. Nakukumbusha hili kwa sababu bila alama mkononi utabaki na uchungu wako tu, na uchungu hauwekwi kiambatisho.

Nimekaa_Kamatini

Dada, nimekuwa mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo kwa miaka sita. Nieleze jinsi faili linavyosomwa, maana wengi hudhani tunasoma kila ukurasa.

Hatusomi. Siku moja tunaweza kuwa na mafaili kumi na tano. Mjumbe mmoja hupewa faili lako alisome kwa kina, kisha anatusimulia kwa dakika kumi. Anachoshika ni barua ya mkuu wa idara na orodha ya makala: wewe ni mwandishi wa kwanza wapi (kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa), wa mwisho wapi (kwa kawaida ndiye aliyeongoza utafiti). Barua ikisema "mama wa idara", ndivyo utakavyosimuliwa. Nimeisikia sentensi hiyo kwa masikio yangu: "Huyu ni mtu mzuri sana, idara ingekwama bila yeye." Kisha tunapiga kura ya hapana. Naliandika hili kwa majuto, kwa sababu na mimi nimewahi kunyoosha mkono.

Tofauti ya makala 19 na 21 haiangushi mtu. Angalia nafasi ya jina lako katika hizo 19.

Mpasuaji_Mstaafu

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Vigezo ni vilevile kwa wote. Ratiba ya zamu hakuna aliyemlazimisha kuipanga. Angeandika makala wakati ule, leo angekuwa amepita. Hospitali ya chuo si mahali pa kuhesabu nani amelea nani.

Hesabu_za_Afya

Kaka Mpasuaji, kwa heshima zote, hoja yako imeshapimwa. Marekani, mwaka 2015, ulichapishwa uchambuzi wa madaktari zaidi ya 91,000 wanaofundisha vyuo vya tiba. Maprofesa kamili walikuwa asilimia 28.6 ya wanaume na asilimia 11.9 ya wanawake. Ni kweli sehemu kubwa ya pengo hilo inaelezwa na umri, miaka ya kazi, fani, makala na ruzuku. Watafiti waliyaweka yote hayo kwenye hesabu, na bado likabaki pengo la pointi 3.8 za asilimia ambalo makala haziwezi kulieleza. Hapo tunalinganisha watu wenye kazi sawa mezani.

Kuhusu "hakuna aliyemlazimisha", wanauchumi wamefanya majaribio juu ya kazi zisizompandisha mtu cheo. Wanawake huombwa kuzifanya mara nyingi zaidi, na wakiombwa hukubali mara nyingi zaidi. Na waliokuwa wakiwaomba wazifanye walikuwa wanawake kwa wanaume. Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini mkuu wa idara anapita milango minne ya wanaume kabla ya kubisha kwake.

Na ile barua, dada, hukuota. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichambua barua zaidi ya 300 za mapendekezo ya walimu wa chuo kimoja kikubwa cha tiba Marekani. Za wanawake zilikuwa fupi na zilibeba zaidi maneno yanayopanda shaka. "Anaendelea kuonyesha juhudi" ni neno la namna hiyo. Profesa mtarajiwa haonyeshi juhudi, anaonyesha matokeo.

Mpasuaji_Mstaafu

Nimesoma. Hiyo ya kulinganisha wenye makala sawa sikuijua. Bado nasema aandike, lakini hiyo mitihani agawane na wenzake.

Bingwa_wa_Ndani

Asanteni mno. Nimefuata alichosema Nimekaa_Kamatini, nikahesabu. Katika makala 19 mimi ni mwandishi wa kwanza katika 6 na wa mwisho katika 2. Mwenzangu ni wa kwanza katika 11.

Kuna moja sijawahi kumwambia mtu. Utafiti wa wagonjwa wa figo wodini kwetu niliuandika mimi, kibali cha kamati ya maadili kipo kwa jina langu, na wagonjwa wa mwanzo niliwachukulia taarifa mwenyewe. Nikaenda kujifungua. Niliporudi makala ilikuwa imeshatumwa jaridani na jina langu ni la tatu. Niliambiwa "hukuwepo wakati wa kuandika". Nilikuwa nanyonyesha mtoto wa wiki sita, na hakuna aliyenitumia hata rasimu. Sikubisha.

Mkongwe_wa_Kitivo

Hapo nimeumia mwanangu.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya uandishi: kuchangia kwa uzito katika wazo, mpango au taarifa, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Kamati hiyohiyo inasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Asinyimwe rasimu, kisha aambiwe hakuandika. Mpangilio wa majina ni makubaliano ya waandishi wenyewe, na ndiyo maana makubaliano huandikwa siku ya kwanza, kabla ya mgonjwa wa kwanza, na huandikwa tena mtu anapoenda likizo.

Makala ile usiifukue sasa, labda uwe na barua pepe zote. Kibali cha maadili ndicho cha thamani. Kiweke kwenye rufaa kuonyesha nani aliyebuni utafiti.

Na likizo zako zitaje. Baraza la Utafiti la Ulaya, linapohesabu miaka ya mwombaji wa ufadhili tangu apate shahada ya uzamivu, humwondolea mama miezi 18 kwa kila mtoto, na hafichi wala haombi msamaha. Kwenye barua yako andika mstari mmoja tu: kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani nilikuwa likizo ya uzazi, naomba tija yangu ihesabiwe kwa miaka niliyokuwa kazini.

Nimekaa_Kamatini

Naongezea. Rufaa usiiandike kuhusu yule kijana. Kamati ikiona unalinganisha jina kwa jina inajifunga. Linganisha faili lako na vigezo, kigezo kwa kigezo, ukurasa kwa ukurasa. Mitihani nayo ipe namba: miaka mingapi, wanafunzi wangapi, nini kilibadilika katika ufundishaji. Ikiandikwa hivyo inahesabika kama uongozi wa kitaaluma. Ikiitwa "msaada" haihesabiki.

Kuhama weka akiba. Rufaa ikigonga mwamba, utahama na faili lililonyooka.

Mwanafunzi_wa_Ubingwa

Shikamooni. Nasoma kimya, nipo mwaka wa tatu wa ubingwa. Daktari, ukihama sisi wasichana tutabaki na nani wa kumuuliza? Najua si haki kukubebesha na hilo pia. Nimeshindwa tu kutolisema.

Bingwa_wa_Ndani

Marahaba mdogo wangu. Una haki ya kusema.

Nimeomba alama zangu kwa maandishi, nimepewa siku kumi. Rufaa naiandika. Nimemwandikia mkuu wa idara kwamba mitihani ya muhula ujao iwe ya zamu, kila mhadhiri muhula mmoja, na nimeambatisha mwongozo wa kurasa sita ili asije akasema hakuna mwingine anayejua. Amejibu tuonane Jumatatu.

Kuna jambo jingine. Nilikuwa nimeombwa barua ya mapendekezo na binti mmoja anayemaliza ubingwa. Niliiandika mwezi uliopita, ilikuwa haijatumwa. Jana, baada ya kusoma uzi huu, nikaifungua. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeandika: "ana moyo wa huruma na anajituma sana." Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Utafiti wake wa dozi za dawa kwa wagonjwa wa figo, ambao umebadilisha tunavyoandika dawa wodini, niliuweka aya ya mwisho.

Nimeifuta yote. Mpya inaanza na ule utafiti, ina kurasa mbili, na nimeituma leo asubuhi kabla ya raundi.