Mishale ya matairi ya mbele inaangalia nyuma, nisafiri hivyo hivyo?

Kijana wa Ipuli: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nipo Tabora, Jumamosi naenda Kigoma na IST. Juzi nimefunga matairi mawili ya mbele, mtumba wa Japani, kashata (meno ya kukanyagia barabara) bado nene. Jana naosha gari ndiyo naona ubavuni kuna mshale na neno ROTATION. Ukiangalia sehemu ya juu ya tairi, mshale umeelekea nyuma. Kulia hivyo, kushoto hivyo. Kuna hatari? Mvua ndiyo hizi.

Konda Mstaafu: Urembo wa kiwandani huo. Nimefanya kazi kwenye Hiace vipara vinne, Tabora–Nzega, na abiria wanashuka wanashukuru.

Spana Mkononi: Walishukuru Mungu, siyo wewe. Kijana, tairi la mshale limechongwa mfano wa V. Katikati ndiyo inatangulia kugusa lami, maji yanasukumwa pembeni. Likigeuzwa linayavuta maji katikati. Ukiingia kwenye dimbwi na mwendo, gari linaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla. Simama mbele ya gari utazame: V isomeke V. Ikiwa kichwa chini, limefungwa kinyume. Yale yenye neno OUTSIDE, hilo neno likae nje, basi. Lisilo na alama yoyote funga utakavyo. Kwa nini humrudishii fundi?

Kijana wa Ipuli: Fundi yuko bize.

Mzee wa Rimu: Nyie mnahangaika na mishale, umri wa tairi je? Tafuta DOT ubavuni, soma namba nne za mwisho. 2217 ni wiki ya 22 ya mwaka 2017. Niliwahi kuuziwa tairi zuri kwa macho, likapasuka karibu na Urambo saa nane usiku. Nililala porini na magunia ya karanga, fisi anapita anacheka.

Mama Asali: Fundi gani huyo hana hata nusu saa? Mwanangu, funguka.

Kijana wa Ipuli: Haya. Fundi ni baba wa binti ninayemposa. Kakataa hata hela ya kufunga, kasema "wewe ni wa nyumbani". Jumamosi nampeleka yeye na mshenga Kasulu kwa kaka yake mkubwa, barua inapokelewa kule. Nianzeje kumwambia kafunga kinyume? Nimeshaamua kwenda taratibu, 60 mpaka Uvinza. Matusi sitaki.

Konda Mstaafu: Kumbe unampeleka mkwe kwa matairi ya mkwe. Likitokea la kutokea kesi yake mwenyewe 😂

Mama Asali: Vijana mnamwogopa mkwe kuliko kaburi. Marehemu mume wangu alimwambia baba yangu ukweli kuhusu ng'ombe mgonjwa siku ya mahari, akaheshimiwa mpaka anakufa.

Jicho la Tatu: Ngojeni. Huyu mwezi uliopita alifungua uzi anataka pikipiki kwa sababu "gari sina na sitegemei". Leo ana IST, mkwe fundi na mshenga juu. Tunatungiwa hadithi hapa.

Mzee wa Rimu: Nami nilishangaa. Fundi mzoefu asione mshale?

Kijana wa Ipuli: Macho ya mzee yamepungua, na taa ya gereji imeungua. Gari ni la kaka yangu.

Jicho la Tatu: Mkwe analijua hilo?

Spana Mkononi: Iwe hadithi iwe kweli, dawa ni ile ile. Kwa kuwa yote mawili yamekosewa, hakuna haja ya kuyatoa kwenye rimu. Piga jeki, gurudumu la kushoto lipeleke kulia, la kulia lije kushoto. Mishale inakaa sawa yenyewe. Lingekuwa moja tu ndiyo ungelazimika kwenda kwa fundi. Spana namba 21, nati zikaze kwa kupishana, usizunguke duara. Ukifika Urambo zikague tena.

Jicho la Tatu: Kijana, swali langu.

Kijana wa Ipuli: Nimebadilisha usiku kwa tochi ya simu. V inasomeka V. Leo asubuhi mzee kaja kukagua gari la safari. Kainama tairi la kushoto, kafuta tope kwenye mshale kwa kidole gumba, kakaa kimya kama anasoma barua. Halafu kaniuliza, "Mwanangu, spana umeazima kwa nani?"

Konda Mstaafu: Ukamjibuje?