Ukarimu na ustahimilivu wa Wafilipino: je, ni sifa mbili au moja?

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila ninaposoma habari za Ufilipino nakuta sifa mbili zikitajwa kama pacha: ukarimu kwa mgeni na ustahimilivu wakati wa maafa. Kila moja naielewa peke yake, lakini uhusiano wao unanitatiza. Nchi yenye visiwa zaidi ya 7,600, ambayo kwa wastani hufikiwa au kukaribiwa na vimbunga 20 hivi kila mwaka, ningetarajia iwafunze watu wake kuficha akiba na kufunga milango. Imekuwaje ikawa kinyume? Au ni pambo tu wanalovishwa na watalii?

Baharia Mstaafu:
Si pambo. Nimefanya kazi melini kwa miaka mingi na Wafilipino, na mwenzangu mmoja alinipeleka kwao katika mkoa wa Laguna, karibu na Manila. Alipoingia tu, kabla ya kusema na yeyote, aliinama akaushika mkono wa bibi yake na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, heshima ambayo wao huiita mano. Mama yake akaniuliza, "Kumain ka na ba?", yaani, "Umeshakula?" Nilijibu kwamba nimeshiba, nikidhani naulizwa habari, kumbe ilikuwa salamu, na wali ulikuwa tayari unapakuliwa. Mimi nilipewa sahani ya kaure, wenyeji wakala kwenye za plastiki. Ukutani, nyuma ya mama huyo, palikuwa na mstari wa kahawia usawa wa kifua changu: alama ya maji ya ziwa yaliyopanda kwa kimbunga Ondoy cha Septemba 2009. Hakuna aliyeutaja mpaka nilipouliza.

Mpenda Historia:
Hiyo sahani na huo mstari vina ukoo mmoja, nao Wafilipino huuita bayanihan, yaani desturi ya jamii kusaidiana bila malipo, neno lililotokana na bayan, yaani mji, jamii au nchi. Picha yake maarufu ni ya wanaume waliopitisha mianzi chini ya nyumba nyepesi ya mianzi na makuti, wakaibeba mabegani nzima nzima hadi kiwanja kipya, huku mwenye nyumba akiwaandalia chakula. Tazameni basi: chakula hicho si ujira, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa, lakini hakipungui kuwa kiungo cha mkataba. Aliyesaidiwa hubaki na utang na loob, deni la moyoni lisilohesabiwa kwa fedha. Katika nchi ambayo paa la yeyote laweza kung'olewa msimu ujao, kumlisha jirani ni akiba isiyosombwa na mafuriko. Mgeni kutoka mbali hanufaishi akiba hiyo, nakiri, ila mazoea yakishakolea hayamuulizi mtu atokako. Hata mwaka 1521, wenyeji waliomkuta Magellan, baharia Mreno aliyeongoza merikebu za Hispania, katika kisiwa cha Homonhon waliwapa mabaharia wake samaki, tembo la mnazi, ndizi na nazi mbili, kisha wakaashiria kwa mikono kwamba baada ya siku chache wangeleta mchele.

Asiyeridhika:
Nakubaliana na ndugu Mpenda Historia, lakini neno ustahimilivu linahitaji tahadhari, na Wafilipino wengi wenyewe wamelichoka. Kimbunga Yolanda kilipoupiga mji wa Tacloban tarehe 8 Novemba 2013, watu zaidi ya 6,000 walikufa nchini humo, na wengi hawakuwa wameelewa onyo la wimbi la dhoruba kwa sababu lilitolewa kwa istilahi ya kitaalamu ya Kiingereza. Kuwasifu manusura kwa tabasamu lao huku ukikwepa swali hilo ni kuwapunja. Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa Aprili 2021, wakati wa janga la korona, ambapo kigari cha chakula kiliwekwa kando ya barabara ya Maginhawa, Quezon City, kikiwa na bango la kumtaka kila mtu atoe kwa uwezo wake na achukue kwa mahitaji yake; vikazuka vingine sehemu nyingi za nchi. Huo ulikuwa ukarimu, naam, lakini pia ulikuwa lawama kwa waliopaswa kuwalisha watu.

Mwanagenzi:
Nawashukuru nyote, nimeuelewa uhusiano, na tahadhari nimeipokea. Mzee Baharia, ulipoulizwa siku ya pili kama umekula, ulijibuje?

Baharia Mstaafu:
"Hindi pa po." Yaani, bado, mama. Nikavuta kiti.